Kangaga-utando: Mmea Usio na Ngozi katika Makorongo ya Gare

Mimea mingi ya nchi kavu imevikwa ngozi. Tukilichunguza jani la mhindi, la mgomba au la mkahawa kwa hadubini, tunaona kwamba seli zake za nje zimefunikwa kwa tabaka jembamba la nta lisilopitisha maji. Tabaka hilo limetobolewa vitundu vidogo sana, viitwavyo stomata, ambavyo mmea huvifungua na kuvifunga kadiri ya haja yake. Kwa njia hiyo mmea hupata hewa bila ya kupoteza maji yake yote. Bila ya ngozi hiyo, shamba la mahindi lisingeweza kustahimili hata asubuhi moja ya jua la Januari.

Hata hivyo, katika misitu yenye ukungu ya Milima ya Usambara imo mimea isiyokuwa na vazi hilo. Ni makangaga madogo, aghalabu yenye majani ya urefu wa sentimita 2 hadi 10 tu, yanayotambaa juu ya mawe yenye maji na juu ya magome ya miti mikubwa. Ukilishika jani moja na kulielekeza kwenye mwanga, waweza kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili, kwani baina ya mishipa yake jani hilo lina unene wa seli moja tu. Kwa sababu hiyo katika makala haya tutaliita kangaga-utando. Wataalamu wa elimumimea huiita jamii yake Hymenophyllaceae, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya utando na jani.

Makala haya yana makusudio mawili. La kwanza ni kueleza jinsi mmea huu unavyoishi, na jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kuukuza na kuutunza kwa vyombo vya bei ndogo. La pili ni kuonyesha kwamba kangaga hili ni shahidi wa jambo linalowahusu watu wote wa Gare, wakiwamo wale ambao hawajapata kulitazama, nalo ni hali ya hewa na maji ya makorongo yao.

Nchi ya ukungu na nchi ya jua

Gare ni kata ya Wilaya ya Lushoto, katika Usambara Magharibi, isiyo mbali na mji wa Lushoto wenyewe. Tangu kale Wasambaa wameigawa nchi wanayoijua kwa namna ambayo mwanasayansi hana sababu ya kuikosoa. Juu ni Shambaai, nchi ya baridi, ya mvua na ya migomba. Chini ni nyika, nchi ya joto na ya miiba. Msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huvuka mpaka huo katika mwendo wa kilomita 33 hivi.

Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi kueleweka. Hewa itokayo Bahari ya Hindi huja imechukua mvuke wa maji. Inapokutana na milima hulazimika kupanda, na inapopanda hupoa. Sasa, hewa yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi inaweza kuchukua karibu gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 15 haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 13 hivi. Zile gramu 10 za ziada hazina budi kugeuka kuwa matone. Matone hayo ndiyo mawingu, ndiyo mvua, na ndiyo ule ukungu unaoufunika msitu hata katika siku ambazo mvua hainyeshi.

Ndani ya nchi hiyo yenye unyevu, mna mahali penye unyevu zaidi: korongo lenye miti. Majani ya miti mirefu huzuia jua lisifike chini. Kingo za korongo huzuia upepo. Usiku hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama humo, na kijito huiongezea mvuke mchana kutwa. Matokeo yake ni kwamba karibu na ardhi hewa hukaa kwa saa nyingi ikiwa imebeba mvuke wote inaoweza kuubeba, au karibu na hapo. Humo ndimo kangaga-utando linamoweza kuishi bila ya ngozi.

Maisha ya mmea usio na ngozi

Mhindi hunywa maji kwa mizizi na kuyapandisha hadi majanini. Kangaga-utando hunywa kwa jani lote. Tone la ukungu likitua juu yake, maji huingia moja kwa moja ndani ya seli. Ndiyo maana baadhi ya aina za jamii hii hazina mizizi kabisa. Zina shina jembamba kama uzi, lenye vinyweleo vinavyolishikamanisha na jiwe. Majani yake hayana stomata, kwani pasipo ukuta hapahitajiwi mlango.

Kwa maisha hayo kuna gharama yake. Hewa ikikauka, maji hutoka kwa urahisi uleule yalioingilia. Jani hujikunja na kusinyaa kwa muda wa dakika chache, jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulithibitisha mwenyewe. Chukua jani la mhindi, jani la kangaga la kawaida na kijani kimoja cha kangaga-utando, viweke juu ya meza darasani, kisha tazama saa. Kangaga-utando litakuwa la kwanza kujikunja. Lirudishe upesi ndani ya bakuli la maji nalo litakunjuka tena, kwani aina nyingi za jamii hii hustahimili ukavu wa muda mfupi. Ukavu wa muda mrefu, ukifuatana na jua kali, huziua.

Mwanga nao ni jambo la kuangaliwa. Jani hili limezoea mwanga mdogo wa chini ya miti. Kazi yake ya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa nguvu za mwanga, hufikia kikomo chake katika mwanga ambao kwa mhindi ungekuwa ni kiza. Mwanga zaidi ya huo haulifaidii kitu, na jua la moja kwa moja huliunguza.

Duniani zimekwisha kutambuliwa aina zipatazo 430 za jamii hii, nyingi zikiwa katika nchi za joto zenye mvua. Kwa urahisi mwanafunzi anaweza kuzigawa katika makundi mawili kwa kutazama mahali spora zinapozaliwa, ambapo daima ni ukingoni mwa jani. Katika kundi la Hymenophyllum, spora hukaa ndani ya kijaluba chenye midomo miwili, mfano wa chaza aliyefunguka. Katika kundi ambalo zamani liliitwa Trichomanes, hukaa ndani ya kikombe kirefu ambamo hutokeza unywele mmoja. Siku hizi kundi hili la pili limegawanywa katika majenasi kadhaa. Miongoni mwa aina za misitu ya milima ya Tanzania tunaweza kutaja Hymenophyllum kuhnii na Crepidomanes melanotrichum.

Yafaa msomaji asilichanganye kangaga-utando na lile kangaga jingine zuri lipendalo kando za maji, Adiantum, lenye vikonyo vyeusi vinavyong'aa. Jina la Adiantum kwa Kigiriki lina maana ya kisicholowa: ukilimwagia maji, matone huteleza na kuanguka. Mimea hii miwili yaweza kuota kwenye jiwe moja. Mmoja huyakataa maji yanayougusa, na mwingine huyanywa.

Chupa ya daktari wa London

Ufundi wa kukuza makangaga laini mbali na makazi yao una historia yenye manufaa kwa mwanafunzi, kwani unaonyesha jinsi jambo dogo lililotazamwa vyema linavyoweza kuzaa makubwa.

Katika mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alimtia nondo aliyekuwa bado ndani ya kifukofuko katika chupa yenye udongo wa majimaji, akaifunika, ili apate kumwona atakapotoka. Kabla ya nondo kutoka, Ward aliona kangaga dogo na jani la nyasi vikichipua juu ya udongo ule. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa kwa muda mrefu alikuwa amejaribu kukuza makangaga uani kwake, nayo yakafa kwa moshi wa viwanda vya mji. Alitambua kwamba ndani ya chupa mchana maji yalipanda kama mvuke, yakagusa kioo, yakarudi udongoni, na kwa hiyo udongo haukukauka. Mimea ile iliishi humo kwa karibu miaka minne bila ya kunyweshwa, hadi kifuniko kilipopata kutu na maji ya mvua yakaingia.

Ward alitengeneza masanduku ya kioo kwa kufuata kanuni hiyo. Katika mwaka 1833 masanduku mawili yenye makangaga na nyasi yalipakiwa melini kwenda Sydney, Australia, nayo yakafika salama baada ya safari ya miezi mingi. Tangu hapo sanduku la Ward likawa chombo cha kuhamishia mazao duniani. Kwa masanduku hayo Robert Fortune aliitoa miche ya chai China na kuipeleka India baina ya miaka 1848 na 1851. Ni vigumu kuandika historia ya mashamba makubwa ya nchi za joto bila ya kulitaja sanduku hilo lililoanza na kangaga moja dogo.

Lakini sanduku hilohilo lilileta madhara. Katikati ya karne ya 19 Waingereza walishikwa na shauku kubwa ya makangaga, na kila nyumba ya mwenye uwezo ikataka kuwa na sanduku lake. Kangaga-utando la Killarney, huko Ayalandi, lilichumwa na kuuzwa hata likakaribia kutoweka katika visiwa vile, na leo linalindwa kwa sheria. Walioliangamiza hawakulichukia, walilipenda, na kila mmoja alidhani kwamba kishada chake kimoja hakiwezi kudhuru.

Sisi wenyewe tunao mfano wa karibu. Ua la Saintpaulia, ambalo ulimwengu wote hulijua kwa jina la Usambara au la Afrika, ni mmea wa mawe yenye unyevu na kivuli kama ya makangaga yetu. Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani katika mwaka 1892, na Hermann Wendland akalieleza kitaalamu mwaka 1893. Leo hukuzwa katika vyungu visivyohesabika huko Ulaya na Marekani, hali aina zake kadhaa za porini ziko hatarini kwa sababu misitu yake imekatwa. Kukuzwa kwa mmea dirishani si sawa na kuhifadhiwa kwake.

Namna ya kulikuza kangaga-utando

Baada ya maonyo hayo, tunaweza sasa kueleza namna ya kulitunza. Shule iliyoko Gare au mahali pengine pa milimani ina bahati, kwa kuwa kangaga hili hupenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 20 na huteseka likizidishiwa nyuzi 25. Shule za pwani zianze na makangaga magumu zaidi, kama Adiantum au Nephrolepis.

Jambo la kwanza ni mahali pa kulipata. Kamwe lisibanduliwe kwenye jiwe au mti ulio hai. Misitu ya hifadhi, kama ile ya Magamba, inalindwa kwa sheria, na hapana ruhusa ya kutoa mmea humo bila ya kibali. Njia iliyo njema ni kungoja dhoruba. Baada ya upepo mkubwa, matawi yenye makangaga huanguka chini, na makangaga hayo aghalabu hufa kwa kukosa mahali pake. Kwa idhini ya kamati ya mazingira ya kijiji, chukua kipande kimoja cha gome kisichozidi kiganja cha mkono, pamoja na makangaga yaliyo juu yake. Kifunge katika kitambaa kilicholowa na kukitia ndani ya mfuko wa plastiki, kisikae juani hata kidogo.

Chombo kinachofaa ni chupa pana ya kioo yenye kifuniko, kama zile zinazowekewa peremende dukani. Ioshe kwa maji ya moto pasipo sabuni. Chini yake tandaza changarawe safi kwa kimo cha sentimita 3, na juu yake tabaka la mkaa uliopondwa, ambao husaidia kuzuia harufu ya uozo. Juu ya mkaa weka kipande cha jiwe au cha tofali lililochomwa, linaloweza kunyonya maji. Mimea ile midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe kama zulia, ambayo wanabiolojia huiita briofita, ni rafiki mwema wa kangaga-utando. Kipande chake kikiwekwa kando kitatunza unyevu. Kisha laza gome lako juu ya tofali. Usilizike kangaga udongoni, kwani shina lake lililofukiwa huoza.

Maji yawe ya mvua. Maji ya bomba au ya kisima aghalabu yana chumvi, nayo chumvi haina pa kwenda ndani ya chupa. Hubaki juu ya jani na kuliunguza kidogo kidogo. Mimina maji kiasi cha kufikia nusu ya kimo cha changarawe, kisha nyunyiza majani hadi yang'ae. Funika. Kwa siku za mwanzo tazama kioo kila asubuhi. Ukungu mwembamba juu ya kioo ni dalili njema. Matone yakitiririka bila kukoma, maji yamezidi, basi acha kifuniko wazi kwa saa moja wakati wa jioni. Kioo kikiwa kikavu kabisa na kingo za majani zikianza kuwa na rangi ya kahawia, ongeza maji.

Chupa iwekwe mahali penye mwanga wa kutosha kusomea kitabu, lakini pasipofikiwa na jua wakati wowote wa mwaka. Tanzania iko karibu na ikweta, hivyo dirisha la kaskazini hupata jua katika Juni na dirisha la kusini hulipata katika Desemba. Mwalimu asilisahau hilo. Chupa iliyofungwa ikipigwa na jua kwa nusu saa tu hugeuka kuwa chungu cha kupikia.

Mbolea haihitajiwi, na hakuna haja ya kuipunguza mimea kwa kuikata. Majani yaliyokufa yaondolewe, na kuvu ikionekana, kifuniko kiachwe wazi kwa siku mbili. La mwisho, ambalo kwa wanafunzi ni gumu kuliko yote, ni subira, kwa kuwa kangaga-utando huenda likatoa majani machache tu kwa mwaka mzima.

Kuanza na spora

Silabasi hutaka mwanafunzi ajue kwamba kangaga lina vizazi viwili vinavyopokezana, jambo ambalo Wilhelm Hofmeister alilibainisha katika mwaka 1851. Wanafunzi wengi huikariri picha ya kitabuni pasipo kuiona mimea yenyewe. Hapana sababu ya hali hiyo kuendelea.

Kwa zoezi hili tumia kangaga la kawaida la kando ya njia, si kangaga-utando. Chagua jani lenye madoa ya kahawia upande wa chini, lifunge katika karatasi safi kwa siku mbili, nawe utaona vumbi laini limebaki juu ya karatasi. Hizo ndizo spora. Chukua kipande cha tofali, kimwagie maji yanayochemka ili kuua vijidudu, na kikipoa kinyunyizie spora kwa uchache. Kiweke ndani ya sahani yenye maji kidogo na kukifunika kwa chupa ya kioo. Baada ya majuma machache tofali litaonyesha rangi ya kijani, na baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha. Hicho ndicho kizazi cha pili, protalasi. Mbegu zake za kiume huogelea kulifuata yai. Kwa hiyo zinyunyizie maji, la sivyo hakutakuwa na utungisho. Kangaga changa litachipuka chini ya protalasi.

Spora za kangaga-utando zenyewe ni za kijani na hazina akiba ya kukaa muda mrefu. Zisipopandwa mapema hufa. Protalasi yake si umbo la moyo, bali ni utepe au nyuzi laini za kijani, ziwezazo kuishi miaka mingi na kujizidisha zenyewe pasipo kuzaa kangaga kamili. Kangaga la Killarney lilipotafutwa kwa makini zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 20, nyuzi zake zilionekana ndani ya nyufa za miamba katika sehemu nyingi ambamo kangaga lenyewe halikuwapo. Kizazi kimoja kilikuwa kimejificha, kikingoja hali njema zaidi.

Kuupima unyevu wa korongo

Wanafunzi wangu wa chuo kikuu aghalabu huuliza kangaga hili lina faida gani kwa mwananchi. Haliliwi, halijengi nyumba, wala haliuzwi sokoni Lushoto. Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba kangaga-utando ni kipimo. Mti mkubwa waweza kuendelea kusimama miaka mingi baada ya mazingira yake kuharibika, kwa kuwa una ngozi na mizizi mirefu. Kangaga-utando haliwezi kungoja. Hewa ya korongo ikibadilika, lenyewe hubadilika mwanzo.

Shule yoyote inaweza kuthibitisha habari hiyo kwa vipimajoto viwili vinavyofanana. Kimoja kiachwe kikavu. Cha pili kifungwe kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha yake, kisha vyote vipepewe kwa dakika tatu kivulini. Maji yanayokauka hupoza kile cha pili. Hewa ikiwa kavu, tofauti baina yao huwa kubwa. Kwa mfano, kipimajoto kikavu kikionyesha nyuzi 24 na kilicholowa nyuzi 17, hewa hiyo imebeba karibu nusu tu ya mvuke inaoweza kuubeba. Kikavu kikionyesha nyuzi 18 na kilicholowa nyuzi 17 na nusu, unyevu wa hewa ni asilimia 95 hivi.

Pimeni saa nane mchana katika sehemu tatu: shambani kwenye jua, ukingoni mwa msitu, na chini ya korongo lenye miti. Rudieni katika masika, katika kipupwe na katika vuli. Andikeni pia kama kangaga-utando lipo au halipo. Mtaona wenyewe ni hewa ya namna gani inayolilea, na ni umbali gani mfupi unaoitenganisha hewa hiyo na ile inayoliua.

Mita sitini

Sasa tufikie jambo lililo gumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ziwezazo kuharibu kingo za mito ndani ya mita 60. Katika nchi tambarare mita 60 ni ukanda mdogo. Katika milima ya Lushoto, ambako watu ni wengi na mashamba ni madogo, ukanda huo waweza kulimeza shamba lote la familia. Tena si shamba lolote, bali ndilo la bondeni, lenye rutuba na maji, linalotoa kabichi, karoti na nyanya ziendazo hadi Dar es Salaam, na kwa fedha hizo watoto hulipiwa sare na madaftari. Mwanafunzi wa Gare anayepima unyevu wa korongo yamkini ni mtoto wa mkulima huyo. Kumwambia kwamba babake ni adui wa makangaga ni kumkosea adabu, na tena si kweli.

Sayansi haina mamlaka ya kuamua ugomvi huo, lakini inaweza kuondoa maneno yasiyo sahihi. Husemwa kwamba miti huleta maji. Kwa hakika miti hunywa maji, na mingine, kama mikaratusi, hunywa mengi; kuipanda kandokando ya chemchemi ni kuikaribisha kiu. Wema wa msitu wa asili uko katika mambo mengine. Udongo wake wenye majani yaliyooza hunyonya mvua na kuiachia polepole, badala ya kuiacha iporomoke na udongo wa mlimani. Majani yake hunasa ukungu na kuudondosha chini. Kivuli chake huzuia jua lisikaushe kijito na kingo zake. Ukanda huo ukiondolewa wote, mkulima wa bondeni ndiye wa kwanza kupata hasara, kwa mafuriko ya matope wakati wa masika na kwa uhaba wa maji wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo swali lifaalo si kama tuchague kangaga au kabichi. Swali ni wapi hasa korongo lingali na hewa ya unyevu, na ni miti ipi ikikatwa itaiharibu. Kijiji chenye majibu ya maswali hayo kinaweza kuanza kulinda sehemu chache zilizo muhimu kuliko zote, hasa vichwa vya vijito na makorongo yenye giza, na kupanda tena mikuyu na mishai mahali palipo wazi, huku wenye mashamba wakiwa wameketi mezani tangu mwanzo. Kijiji kisicho na majibu hayo kitabaki na amri isiyotekelezeka upande mmoja, na shoka upande wa pili.

Majibu hayo yanaweza kukusanywa na shule. Darasa moja lenye vipimajoto viwili, daftari moja na ramani iliyochorwa kwa mkono linaweza, kwa mwaka mmoja, kuyatembelea makorongo yote ya kijiji chake na kuandika lipi lina kangaga-utando na lipi halina. Darasa litakalofuata litarudia kazi hiyo, na la tatu vilevile. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ambayo serikali ya kijiji itaihitaji.

Na ile chupa iwe juu ya kabati darasani, mbali na jua. Mwanafunzi akiitazama akumbuke kwamba humo ndani kioo na kifuniko vinafanya kwa kangaga moja kazi ambayo korongo lenye miti huifanya kwa makangaga yote, kwa chemchemi na kwa mashamba yaliyo chini yake. Chupa ikivunjika, nyingine hununuliwa dukani. Ndugu mwalimu, wafundishe wanafunzi wako kulikuza kangaga hili, kisha watoke nao nje wakalihesabu korongoni.